Kengele ya Samadi

Nilipoiona ile kengele mkononi mwa Mama Bibiana, fimbo iliniponyoka.

Alikuwa ameteremka kutoka milima ya Vidunda kutufundisha sisi wafugaji kulima kwenye ardhi kavu: unachimba mashimo ya kukamata mvua, unatia samadi, ndipo unapanda mtama. Wanawake walishika majembe. Sisi wanaume tulisimama pembeni kana kwamba jembe linauma.

"Kila shimo, kengele mbili za samadi," alisema. "Hiki ndicho kipimo changu. Kengele hii niliiokota nikisafisha mabua, msimu ule ng'ombe walipomaliza mahindi yangu."

Ulimi wa kengele ulikuwa umeng'oka. Ukingoni ilikuwa na ufa uliofungwa kwa waya mwekundu, mizunguko mitatu, fundo kwa ndani. Fundo lile nililikaza mwenyewe kwa meno.

Mwaka juzi, kwenye kesi ya mahindi hayo, mbele ya mwenyekiti wa kijiji na mbele ya mama huyu, niliapa kwamba ng'ombe wangu hawavai kengele.

Mke wangu aliutazama waya, akanitazama mimi, kisha akainama kuchimba shimo ambalo lilikwisha kuchimbwa.

"Nani anaanza?" Mama Bibiana aliuliza. Hakungoja jibu. Aliwapita wanawake wote, akaja kusimama mbele yangu.

"Shikamoo, mama," nilisema. Salamu hiyo nilikuwa nikiikwepa tangu asubuhi.

"Marahaba." Akaniwekea kengele kiganjani. "Anza wewe, mwanangu. Mkono wako umeizoea."