Umio wa Wawili

Sengondo alipasuliwa umio bila kuchanwa ngozi. Daktari alipitisha mpira mwembamba mdomoni, akakata msuli uliokuwa ukizuia chakula, akaacha pete ndogo palepale. Sheria kwa wagonjwa wote ilikuwa moja: mtu asile peke yake, asije akapaliwa akakosa wa kumsaidia. Kwa hiyo pete iliunganishwa na koo la mkewe, Nambua. Nambua akimeza, inafunguka. Akiacha, inajifunga. Hata wakiwa mbali, ilikuwa vilevile.

Mwaka wa kwanza walicheka sana wakati wa kula. Kufikia mwaka wa tatu Nambua alikuwa anakula matonge manne tu, kisha anasukuma sahani.

"Nimeshiba, Baba Nakunda."

Naye Sengondo alikuwa akinawa mikono akiwa bado na njaa.

Jumanne moja Nambua aliaga kwamba anakwenda kwenye kikundi cha akina mama, ambako hawakuwahi kupikiwa hata chai. Saa nne asubuhi, Sengondo akipiga pasi shati lake, pete ilifunguka. Ikafunguka tena. Ikatulia kidogo, kama mtu anayecheka kwanza kabla ya kuendelea kula, ikafunguka tena.

Alizima pasi. Akaenda jikoni, akafunua kiporo cha makande, akala akiifuata pete kijiko kwa kijiko, mpaka ilipotulia kabisa.

Jioni Nambua alikula matonge manne, akasukuma sahani.

"Nimeshiba."

"Hata mimi," Sengondo akasema, akamsogezea maji ya kunawa.