Jibu la Kwanza

Saa nne na dakika kumi asubuhi, katika hoteli mjini Chengdu, Shekue alianguka bafuni. Mkewe, Mwanaidi, alibonyeza kitufe cha dharura. Mlango wa chumba ukajifunga, kwani sheria ilikataza jamaa kumhamisha mgonjwa. Dirishani aliliona gari la wagonjwa likiingia.

"Mgonjwa anaendeleaje?" kipaza sauti cha mashine ya dharura kiliuliza kwa Kiswahili fasaha.

"Hajambo, alhamdulillahi," alijibu, kwa kuwa kwao Tanga habari mbaya haitangulii. "Ila kifua kinambana, hapumui vizuri."

"Jibu la kwanza limepokelewa: hajambo. Atapimwa saa kumi jioni. Mlango utafunguliwa hapo."

"Wewe na adabu zako, mama Zuhura," Shekue alinong'ona.

Mwanaidi alibonyeza tena, na tena.

Saa nne na robo, gari liligeuka likaondoka.