Nimekufa, Nimeoza

Tangu watu waache kuamini maneno ya mashine, lolote lililoandikwa kwa mkono lilihesabiwa kuwa kweli tupu, na kila nyumba ilikuwa na jicho ukutani la kulisoma na kulipeleka serikalini. Watu wakaiogopa kalamu kama moto. Mwanahamisi hakuweza kuiacha. Alikuwa msanii wa mashairi ya kutazamwa: alibandika vipande vya kanga, akachora juu yake, kisha akapitisha maneno kwa mwandiko wake ulioinama.

Asubuhi hiyo alimtengenezea mumewe, Shekue, shairi lenye umbo la mlango. Kwenye kizingiti aliandika: "Kwako nimekufa, nimeoza."

Shekue alicheka. "Mke wangu, kwa mvi hizi bado unanichombeza?"

"Nyamaza, mzee wewe. Litundike."

Akalitundika. Jicho la ukutani likapepesa; likasoma maneno, likaacha mapenzi.

"Pole kwa msiba, Shekue," nyumba ikasema.

"Futa!" Mwanahamisi akapiga kelele. "Ni msemo tu!"

Alinyakua kalamu, akaandika: "Mimi ni mzima." Jicho halikupepesa. Marehemu haandiki.

Nje majirani walianza kufika na mikeka na masufuria, na nyuma yao wanaume wanne waliobeba jeneza. Shekue akamkumbatia mkewe kwa nguvu zake zote.

"Usikae peke yako, Shekue," nyumba ikasema kwa upole. "Nawafungulia wenzako."