Digrii Tisa

Siku hizo kila mzee aliyeishi peke yake alipimwa mkao wa mwili na kamera ya kina, isomayo umbo na umbali wa vitu, iliyofungwa sebuleni. Aliyeonekana kuinama kupita kiasi alihamishiwa makao ya wazee. Bi Tunu alisomeka ameinama digrii tisa.

Fundi Kileo alipokuja kukagua, alimkuta amesimama wima, ameweka bakuli la uji mezani.

“Upime huu uji, mwanangu. Umetulia sawa, au umeinama?”

Kamera ikasema uji nao umeinama digrii tisa. Kileo akapanda kiti, akakuta skrubu ya kishikio imelegea. Akaikaza, akapima tena. Sifuri.

“Imepona, Bibi. Lakini kipimo cha kwanza kilishapokelewa, na hakifutwi. Gari la makao linakuja saa nane.”

“Basi andika ulichokikuta, utie sahihi.”

“Nitafukuzwa kazi.”

“Mimi nafukuzwa kwangu.”

Kileo akaandika, akatia sahihi. Saa nane honi ikalia nje. Bi Tunu akaishika karatasi, akafunga mlango kwa komeo, akaketi akiutazama.

“Kama unatoka, pitia uani,” alisema.

Kileo akavua kitambulisho chake, akavuta kiti kando yake. Walioko nje wakaanza kugonga.