Dua ya Bomba

Siku hizi kila bomba mjini likifunguliwa humtaja aliyechangia msimbo wa kompyuta kwenye programu huria, ile ya kujitolea, inayoliendesha, na anayeteka maji hana budi kumwombea dua.

"Maji haya ni kazi ya Mwanasiti binti Shaali," lilisema bomba la jikoni.

"Mola akuzidishie, mwanangu," mama mkwe wake akaitikia, akijaza birika.

Mwanasiti aliinamia unga wa chapati, asiweze kuinua uso. Msimbo ule aliuandika wifi yake, Zamzam, akampa aukague na kuupeleka kwenye mradi wa programu hiyo. Naye Mwanasiti akaupeleka kwa jina lake mwenyewe. Zamzam hakuwahi kuuliza kitu.

Sasa Zamzam alisogea na ndoo, akafungua bomba, akangoja jina litajwe lote.

"Mola akuzidishie, wifi," akasema taratibu.