Fidla ya Kiti cha Mwisho

Katikati ya muziki, uzi wa fidla ya binti aliyesimama mbele, mpigaji mkuu wa jioni ile, ulikatika paa!

Okestra ina desturi yake. Binti akachukua fidla ya mwenzake wa karibu, huyo akachukua ya aliye nyuma yake, na ile mbovu ikasogea hadi kiti cha mwisho. Hapo mume wangu amekaa miaka thelathini. Kwa sura ile, hata mimi ningemweka nyuma.

Kesho madaktari wanamkata mkono wa kushoto.

"Mzee, lete basi," mwenzake wa mbele yake alinong'ona; nilimsoma midomo kutoka kwenye viti vya watazamaji.

Aliikumbatia fidla yake. Moyoni nikasema, mng'ate!

Akaitoa.

Anayebaki na fidla mbovu hutakiwa kutoka jukwaani. Hakutoka. Aliiweka begani, akawa anapitisha uta wa kupigia hewani, umbali wa unene wa kidole kutoka kwenye nyuzi, akienda na kurudi sawasawa na wenzake.

"Yule babu wa nyuma anapiga kwa roho yake yote," mama aliyekaa kando yangu aliniambia.

"Ni mume wangu," nikamjibu. "Hebu msikilize."