Mgomba Kaburini

Mganga alisema Mwanasha hatapona, na kaka zake wakamchimbia kaburi kabla hajakata roho. Kesho yake homa ikamwachia, akaomba uji.

Mjini pale, kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu. Lazima limpate mtu, na majirani walishaanza kumtazama mtoto wake mchanga kwa huruma.

Basi Mwanasha aliposikia kwamba mama yake, Bi Tatu, ameingia humo mwenyewe, alimbeba mtoto mgongoni, akang'oa chipukizi la mgomba nyuma ya jiko, akaenda makaburini.

Bi Tatu alikuwa amekaa shimoni, amejitanda sanda juu ya kanga zake. Kaka zake Mwanasha walisimama na majembe, vichwa chini.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Mimi nimeshakula chumvi nyingi. Wacha linichukue, limwache mjukuu wangu."

"Halimchukui mtu. Toka, mama."

"Libaki tupu?"

"Litazaa ndizi, na nitazila."

Kaka mkubwa akaguna. "Mwanasha, usicheze na mauti."

"Mmenichimbia nikiwa hai, halafu mimi ndiye ninayecheza? Mpe mama mkono!"

Akampa, akamvuta juu. Wakafukia, na udongo ulipokaribia juu, Mwanasha akasimika chipukizi lake. Bi Tatu alibaki kando, hajui aifanye nini ile sanda.

"Ilete," alisema Mwanasha. Mgongo wake ulikuwa umeshalowa mkojo wa mtoto. Akaing'ata pindo, akaanza kuichana vipande vya nepi, na kwa ule mlio wanaume wote wakarudi nyuma.